Kobe dume aliyeitwa mama: Vitabu vya picha na somo la upweke

Desemba mwaka 2004, mvua kubwa ilinyesha na Mto Sabaki ukafurika. Maji yakasomba kundi la viboko kutoka makazi yao mtoni hadi Bahari Hindi, karibu na mji wa Malindi. Kiboko ni mnyama wa maji matamu, na baharini si kwake. Wakazi walijaribu kuwafukuza warudi mtoni, lakini wapi! Kisha, tarehe 26 mwezi huo, tetemeko kubwa la ardhi likatokea chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Mawimbi ya tsunami yakavuka bahari nzima hadi pwani yetu. Kesho yake, kiboko mmoja tu ndiye aliyeonekana. Alikuwa mtoto wa takriban mwaka mmoja, amekwama kwenye mwamba wa matumbawe, mamake hayupo.

Watu wa Malindi, wavuvi kwa wageni, walimiminika ufuoni kumwokoa. Haikuwa kazi rahisi. Mtoto wa kiboko ana nguvu, ngozi yake inateleza, na huyu alikuwa na hofu. Nyavu zilikatika. Mwishowe mwokoaji mmoja alimrukia na kumkaba kama mchezaji wa raga, na jina la mwokoaji huyo, Owen, ndilo alilopewa mnyama. Kwa desturi zetu za Pwani, watu wawili wanaoitwa jina moja huitana somo. Basi kiboko yule alitoka majini akiwa tayari na somo wake, ingawa hakujua.

Nimeanza na kisa hiki kwa kuwa, katika muda wa miaka mitatu tu, kilizaa vitabu kadhaa vya picha vilivyosomwa na watoto wa mataifa mengi. Vitabu hivyo vilihusu tukio lile lile moja, na wanyama wale wale wawili. Hata hivyo, havikukubaliana juu ya jambo moja la msingi: yule aliyemwondolea mtoto upweke wake aitwe nani? Katika makala ya leo nitafuatilia historia ya swali hilo, kwa sababu naona kwamba jibu lake linawahusu watoto wengi waliomo madarasani mwetu hivi sasa.

Shimo la mawe na mkaaji wake

Owen alipakiwa kwenye lori akapelekwa Haller Park, Bamburi, kaskazini mwa jiji la Mombasa. Mahali hapo penyewe pana historia yake. Palikuwa machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji. Mawe yalipokwisha kuchimbwa, lilibaki shimo jeupe, kavu, lisilo na mchanga wala kivuli. Mwaka 1971, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti humo. Mvinje ulikuwa miongoni mwa miti michache iliyokubali kumea. Majani yake makavu yalipoanguka, majongoo waliletwa wayale, na kinyesi chao kikageuka kuwa udongo. Polepole jangwa lile likawa msitu wenye mabwawa na wanyama.

Miongoni mwa wanyama hao alikuwamo kobe mkubwa wa jamii ya Aldabra, jina lake Mzee. Umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 130 hivi. Aldabra ni kisiwa cha matumbawe katika Ushelisheli, na kobe wa jamii hiyo hawavuki bahari wakaja Mombasa kwa miguu. Watu ndio waliowaleta huku. Kwa hiyo Mzee naye alikuwa mgeni, ila mgeni aliyekaa mpaka akasahaulika kuwa mgeni. Walinzi wake walimfahamu kama kobe asiyependa kusumbuliwa.

Owen alipofunguliwa kamba, hakukimbilia majini. Alimwendea Mzee akajificha nyuma yake, kama mtoto wa kiboko anavyojificha nyuma ya mamake. Mzee alifoka, akajiondokea. Owen akamfuata. Mzee akasogea tena, kwa mwendo wa kobe, na Owen akamfuata tena. Kulipopambazuka, walinzi waliwakuta wamelala pamoja. Baada ya siku kadhaa, Owen, ambaye alikuwa amekataa chakula, alianza kula kando ya Mzee. Wakawa wanaogelea pamoja, wanakula pamoja, na wanalala pamoja.

Mwanahabari Peter Greste alipiga picha zao, na picha hizo zikasambaa duniani. Nchini Marekani, msichana wa miaka sita, Isabella Hatkoff, aliiona mojawapo gazetini na kumshawishi babake, Craig Hatkoff, wakiandike kisa hicho. Wakaungana na Paula Kahumbu, mwanaikolojia Mkenya ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa akisimamia Haller Park. Mwaka 2006, kitabu Owen and Mzee kikachapishwa na kampuni ya Scholastic, kikiwa na picha za Greste. Kichwa chake kidogo kinasema kwamba ni kisa cha kweli cha urafiki wa ajabu.

Mwaka huo huo wa 2006, Jeanette Winter, mwandishi na mchoraji Mmarekani, alitoa kitabu chake kuhusu tukio hilo. Huyu ndiye aliyekuja kuandika pia kitabu cha picha kuhusu Wangari Maathai na miti yake, mwaka 2008. Kitabu chake cha kiboko kina maneno machache mno. Karibu kila kitu kinasemwa na michoro. Jina lake ni Mama. Mwaka 2007, Marion Dane Bauer naye akatoa A Mama for Owen, chenye michoro ya John Butler.

Hapo ndipo penye utata. Mzee alikuwa dume. Kobe huyo wa miaka 130, dume asiyependa kusumbuliwa, amekuwaje mama?

Vitabu hivi vilitoka wapi?

Ili kulijibu swali hilo, hebu turudi nyuma kidogo. Vitabu vya watoto vyenye picha ni vya kale. Johann Amos Comenius alichapisha Orbis Pictus mwaka 1658, akitumia michoro kuwafundishia watoto majina ya vitu. Hata hivyo, kitabu cha picha kinachothubutu kuzungumzia huzuni ya mtoto mwenyewe, bila kumhubiria, kilistawi hasa katika karne ya 20.

Mwaka 1959, Leo Lionni, mzaliwa wa Amsterdam aliyehamia Marekani mwaka 1939 wakati utawala wa kifashisti ulipokuwa umeanza kuwabana Wayahudi nchini Italia, alikuwa garimoshini na wajukuu wake wawili. Watoto walikuwa wakisumbua. Akachana vipande vya karatasi kutoka gazeti, kimoja cha buluu na kingine cha manjano, akaanza kuwasimulia kisa cha marafiki wawili. Marafiki hao wanakumbatiana hadi wanageuka kijani, na wanaporudi nyumbani, wazazi wao wenyewe hawawatambui. Kisa hicho cha kupitisha muda kikawa kitabu, Little Blue and Little Yellow. Kwamba mtoto anaweza kubadilishwa na urafiki mpaka awe mgeni kwao si wazo dogo, na Lionni alilisema kwa vipande vya karatasi tu.

Mwaka 1963, Maurice Sendak alitoa Where the Wild Things Are, kilichotuzwa nishani ya Caldecott mwaka uliofuata. Mtoto Max anaadhibiwa, anasafiri hadi nchi ya mazimwi, anatawazwa mfalme wao. Huko huko, akiwa amezungukwa na raia wake, anapatwa na upweke na kutamani kurudi kwa anayempenda. Ikumbukwe kwamba mamake Max hachorwi hata mara moja. Tunajua yupo kwa sababu chakula cha jioni kinamngoja mtoto, na bado kina moto.

Hata hivyo, aliyeuchambua upweke na urafiki kwa undani zaidi, kwa maoni yangu, ni Arnold Lobel. Alizaliwa mwaka 1933 na kulelewa na babu na nyanya yake katika mji wa Schenectady, jimbo la New York. Utotoni aliugua, akakosa masomo kwa muda mrefu, na aliporudi shuleni alijipatia marafiki kwa kuwasimulia hadithi na kuwachorea picha. Kati ya mwaka 1970 na 1979, alichapisha vitabu vinne kuhusu Frog na Toad, chura wawili marafiki. Katika mojawapo ya visa vyake vya kwanza, Toad anakaa barazani kwake akiwa na huzuni kwa kuwa hajawahi kupata barua. Frog anakwenda kwake, anamwandikia barua, anampa konokono aipeleke. Konokono huchukua siku nne! Wakati huo wote, marafiki hao wawili wanakaa pamoja barazani wakiingojea, wakijua tayari kilichoandikwa ndani yake. Kisa hicho kimetiwa katika vitabu vya kiada vya shule za msingi nchini Japani, na vizazi vya Wajapani vimejifunza kusoma kwacho.

Kisa cha mwisho katika kitabu cha nne kinageuza mambo. Frog anaacha ujumbe mlangoni kwamba anataka kuwa peke yake. Toad anaingiwa na hofu kwamba urafiki umevunjika. La hasha. Frog ana furaha. Anataka tu nafasi ya kufikiri jinsi alivyobahatika, mojawapo ya bahati hizo ikiwa kuwa na Toad.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuona alichokifanya Lobel, kwa sababu lugha yetu haina neno moja tu la hali hii. Tuna upweke, yaani kuwa peke yako. Tuna faragha, yaani kujitenga kwa hiari ili upate utulivu au siri. Na tuna ukiwa, neno zito kuliko yote, linalobeba maana ya kuachwa na kutokuwa na mtu. Mkiwa ni mtu asiye na jamaa. Frog alitaka faragha. Toad aliona upweke na kuogopa ukiwa. Owen, pale juu ya mwamba wa Malindi, hakuwa pweke tu, alikuwa mkiwa. Mwalimu au mzazi asiyetofautisha hali hizi tatu atamlazimisha mtoto anayetaka faragha acheze, na atampita yule mkiwa akidhani ni mtoto mtulivu, mwenye adabu.

Kasa wa Kalila na papa wa Unguja

Baadhi ya wasomaji watasema: "Kwani sisi hatukuwa na hadithi za marafiki wanyama kabla ya hao Wazungu?" Tulikuwa nazo tele. Ila hebu tuzitazame zinasema nini.

Mwaka 1870, Askofu Edward Steere alichapisha jijini London mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili alizosimuliwa Unguja. Ndani yake mna kisa cha kima na papa. Kima anaishi juu ya mkuyu ulioinamia bahari, na kila siku anamtupia papa matunda. Wanakuwa marafiki. Siku moja papa anamwalika kima kwao na kumbeba mgongoni. Wakiwa katikati ya bahari, papa anafichua kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima, kwa akili za haraka, anajibu kwamba kima hawatembei na mioyo yao, huiacha mtini. Papa anamrudisha aufuate, na urafiki unaishia pale pale mkuyuni.

Kisa hiki ni msafiri wa zamani. Kilianzia katika Panchatantra ya Wahindi kwa lugha ya Kisanskriti, ambamo adui ni mamba. Katika Kalila wa Dimna, iliyotafsiriwa kwa Kiarabu na Ibn al-Muqaffa' katika karne ya 8, mambo ni tofauti kidogo. Nyani ni mfalme mzee aliyepinduliwa, akakimbilia ufuoni peke yake bila raia wala jamaa. Naye rafiki anayempata majini ni kasa. Yaani, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Owen kukutana na Mzee, tayari palikuwa na kisa cha mnyama mkiwa ufuoni na rafiki mwenye gamba. Tofauti ni kwamba kasa yule alikuja kumsaliti rafiki yake.

Ngano zetu nyingi ni za mkondo huo. Sungura humwita fisi rafiki ili amle njama. Katika kisa kinachosimuliwa sehemu nyingi za Afrika, mnyama mdogo, aghalabu sungura au kobe, huwavutisha kamba tembo na kiboko, kila mmoja akidhani anashindana na yule mdogo. Huko kobe na kiboko ni mwerevu na mjinga, si marafiki. Ngano hizi zilikuwa na kazi yake: kumwonya mtoto kuhusu dunia. Mtoto aliyezisikia alikuwa amezungukwa na nyanya, shangazi, binamu na watoto wa majirani. Hakuhitaji kufundishwa namna ya kumpata mtu. Alihitaji kufundishwa namna ya kumchunguza.

Mtoto wa vitabu vya picha ana shida nyingine. Yuko chumbani, au hospitalini, au katika ploti ambako majirani hawajuani, au shule mpya ambako hana wa kukaa naye wakati wa mapumziko. Huyu hahitaji kuonywa kwanza juu ya papa. Anahitaji kuona kwamba aliye peke yake anaweza kumkaribia mwingine, akafukuzwa, akarudi tena. Sisemi ngano zimepitwa na wakati. Nasema zilijibu swali tofauti, na kwamba ni kosa kudhani kwamba kwa kuwa tuna ngano, basi jambo hili tumekwisha kulishughulikia.

Mama, rafiki au mlezi?

Sasa turudi kwa kobe wetu. Mbona Winter na Bauer wakamwita mama?

Sababu ya kwanza ni ya wazi. Mtoto msomaji anapoona mama wa kiboko amepotelea baharini, swali lake la kwanza ni hilo hilo: "Na mamake?" Ni vigumu kwa mtu mzima kulisikia swali hilo na kunyamaza. Kuleta mama mwingine ni njia ya haraka ya kumtuliza mtoto. Isitoshe, ndivyo Owen alivyoonekana kutenda. Alijificha nyuma ya kobe kama angejificha nyuma ya mamake, na mwandishi anayeandika kwa upande wa mtoto ana haki ya kuyaona mambo kwa macho yake.

Sababu ya pili ni ya lugha. Kiingereza hakimruhusu msimulizi asitaje jinsia ya mhusika kwa muda mrefu. Kiwakilishi cha nafsi ya tatu kinamlazimisha achague. Kiswahili hakina lazima hiyo. Kiambishi a- katika "analala", "anafuatwa" na "amechoka" ni cha mume na mke, baba na mama. Kisa cha Owen kingeweza kusimuliwa kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusema kama aliyemkinga ni jike au dume, na msomaji asihisi kwamba kuna kilichofichwa. Swali lililowagawa waandishi kwa Kiingereza lingelala usingizi katika sarufi yetu.

Lakini mbali na sarufi, tuna msamiati. Neno mzee lenyewe ni mfano mzuri. Nchini Kenya ni cheo cha heshima, ni jina tulilompa rais wa kwanza, na ni namna ambavyo mtu mzima humtaja babake: "mzee wangu". Kitabu cha Hatkoff na Kahumbu kililibeba neno hilo hadi kwenye jalada, likasomwa na watoto wasiojua neno jingine lolote la Kiswahili. Kwao ni jina tu. Kwetu ni jina linaloeleza tayari uhusiano: aliyetangulia, anayestahiwa, ambaye mdogo hujikinga kwake.

Rafiki nalo ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni mwenzi, hasa wa safarini. Tuna sahibu au swahiba. Tuna mwandani, yule wa karibu sana. Tuna mwenzi. Tuna somo, ambaye nimemtaja hapo juu, na ambaye Pwani anaweza pia kuwa rafiki wa ndani na mfunzi wa mambo ya utu uzima. Na tuna mlezi. Mlezi si lazima awe mama, wala si lazima awe mwanamke. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Walisema pia mkono mmoja haulei mwana. Katika maneno hayo ya kale mna nafasi ya kobe dume.

Ndiyo maana naamini kwamba kitabu cha Hatkoff na Kahumbu kilikaribia ukweli zaidi kuliko viwili vile, ingawa kiusanii kitabu cha Winter kina ujasiri mkubwa wa kuiachia picha kazi. Kilikataa kumrudishia Owen mama. Mama amepotea, na anabaki amepotea. Anachokipata Owen ni kingine: mwenzi wa kulala kando yake.

Mwaka 2007, waandishi hao walitoa kitabu cha pili, ambacho kichwa chake kinazungumzia lugha ya urafiki. Humo wanaeleza jinsi wawili hao walivyobuni ishara zao. Mzee akitaka Owen atembee, alimng'ata mkia polepole. Owen akitaka Mzee asogee, alimsukuma mguu, wa kulia au wa kushoto kulingana na upande aliotaka waelekee. Walikuwa wakitoleana sauti nzito ya mngurumo, ambayo si ya viboko wala si ya kobe. Sisi wa taaluma ya lugha hatuiti hiyo lugha kwa maana kamili ya neno. Lakini kama tafsiri ya urafiki, sijaona iliyo bora: viumbe wawili wasio na lugha moja wanapata namna ya kuambiana "twende".

Urafiki huo haukudumu milele katika hali ile. Owen alizidi kukua. Kiboko mkubwa anaweza kumuumiza kobe bila kukusudia, hata kama anampenda. Ilibidi watenganishwe, na Owen akaishi na kiboko jike aitwaye Cleo. Kama Mzee angekuwa mama, huo ungekuwa ukiwa wa pili. Kwa kuwa alikuwa mlezi na mwandani, tunaweza kusema kwamba alikuwa amemaliza kazi yake.

Mtoto aliye darasani mwetu

Haya yote yana maana gani kwa Kenya ya leo? Kila darasa la gredi ya pili lina mtoto anayelelewa na nyanya, na nyanya kwetu ni mama mzaa baba au mama mzaa mama. Lina mtoto aliyelelewa na shangazi, na mwingine aliyelelewa na kakake. Wengine wamefiwa. Wengine wazazi wao wako mbali wakitafuta riziki, mjini au Ghuba. Mtoto huyo akiagizwa achore familia yake, halafu apake rangi baba na mama kama walivyo kitabuni, anafanyaje? Nimeona wengi wakichora tu kilichotakiwa. Wanajua tayari kwamba kitabu hakiwazungumzii wao.

Kitabu kinachosema kwamba kila aliyepotelewa na mama atampata mama mwingine kinampa mtoto huyo ahadi ambayo huenda isitimizwe. Kitabu kinachosema kwamba yuko kobe, yuko nyanya, yuko somo, yuko mwandani, kinamwambia kitu anachoweza kukihakiki mwenyewe jioni akifika nyumbani. Lobel, aliyelelewa na babu na nyanya, hakuandika kuhusu mama waliorudi. Aliandika kuhusu anayekaa nawe barazani mkingojea konokono.

Nina ombi kwa makundi mawili. La kwanza ni kwa waandishi na wachoraji. Nafasi ipo. Tangu mwaka 2014, mradi wa African Storybook umekuwa ukitoa hadithi zenye picha mtandaoni bila malipo, zikiwamo za Kiswahili na za lugha nyingine zetu, na yeyote anaweza kuandika, kutafsiri au kubadilisha. Andikeni kuhusu mtoto mkiwa kwa Kiswahili kinachojua tofauti ya upweke, faragha na ukiwa. Iacheni picha iseme yale ambayo neno likisema yatakuwa mahubiri. Na kama mama hayupo katika kisa, msimtafutie mwingine ili tu msomaji alale vizuri.

La pili ni kwetu walimu, na hapa najihesabu. Tumezoea kumaliza kila hadithi kwa swali, "Hadithi hii inatufunza nini?" Swali hilo lilifaa kisa cha kima na papa, ambacho kina funzo na kinataka litamkwe. Halifai kila hadithi. Ukimsomea mtoto kisa cha Owen kisha umtake funzo, atakupa analojua unalitaka: tupendane, tusaidiane, tusibaguane. Atapata alama zake, na wewe hutakuwa umejua lolote kumhusu. Siku moja jaribu kunyamaza. Fungua ukurasa wenye picha ya kiboko mdogo ameegemea gamba la kobe, umwachie autazame kwa muda anaoutaka. Akiuliza "Na mamake?", usimletee mama mwingine. Mwambie ukweli kwamba hakuonekana tena. Kisha mwulize yeye anamwita nani yule kobe. Jibu lake linaweza kukwambia ni nani anayemngoja nyumbani.